Sauti inayongoja: namna masanduku ya sauti ya biashara yanavyopeana ujumbe, toka fonie hadi intaneti

Tuchukue mfano ambao kila mchuuzi wa Walungu ataufahamu. Ushirika mmoja wa wakulima kule Burhale umepakiza magunia ya maharagi kwa kamiyo. Kamiyo itaondoka saa kumi na mbili asubuhi kuelekea Bukavu, soko la Kadutu. Usiku, mwenye depo wa Kadutu anapata habari kwamba barabara imekatika. Anapiga simu kwa sekretere wa ushirika. Simu imezimwa, kwa sababu batri imeisha na umeme hakuna. Sauti ya mashini inamwambia aache ujumbe. Anasema haraka: “Baba, usitume ile kamiyo leo, njia imekatika. Ungoje nikupigie kesho.” Kisha analala akiwa na amani.

Asubuhi kamiyo inaondoka. Ujumbe uko, haukupotea. Lakini uko ndani ya mashini ya kampuni ya simu, mbali na Burhale, na sekretere hajui kama uko. Anapowasha simu ya pili, yenye kadi ya kampuni nyingine, hakuna alama yoyote inayotokea. Magunia yanalala njiani siku tatu, mvua inayapiga.

Kosa liko wapi? Watu wengi watasema ni rezo. Kweli rezo iko na sehemu yake, lakini sababu kubwa ni nyingine: sanduku la sauti la kampuni moja haliongei na sanduku la kampuni nyingine. Ili yaongee, yanahitaji mapatano. Mapatano hayo, katika lugha ya mafundi, ndiyo yanaitwa protokoli.

Protokoli ni nini

Protokoli ni desturi iliyoandikwa. Inasema nani anaanza kuongea, anajitambulisha namna gani, ujumbe unafungwa namna gani, na yule anayepokea anajibu nini ili mtumaji ajue kwamba umefika. Mashini mbili zisizo na desturi moja ziko kama watu wawili waliokutana sokoni Mugogo, mmoja anajua Mashi tu, mwingine anajua Kilingala tu. Wote wako na masikio, wote wako na midomo, lakini biashara haitafanyika.

Wazee wa Kivu waliijua protokoli ya sauti zamani sana, kabla ya simu ya mkononi. Waliiita fonie.

Fonie ilikuwa na sheria zake

Katika miaka ya Zaire, simu za posta, zile za ONPTZ, zilikuwa chache, na nyingi ziliharibika bila kutengenezwa. Mwaka 1986 kampuni ya Telecel ilianzishwa Kinshasa na kuleta simu za mkononi, lakini zilikuwa za matajiri na wakubwa. Kwa hiyo misheni, hospitali, mashirika ya msaada, wafanyabiashara na makontwari ya madini katika Kivu walitegemea fonie: redio ya mawimbi mafupi, waya mrefu uliofungwa juu ya miti, na batri ya gari.

Fonie haikuwa ya kuongea ovyo. Vituo viwili vilipatana kwanza juu ya mawimbi na saa. Saa hiyo ilipofika, kituo kimoja kiliita kingine kwa jina lake. Kingine kilijibu kwamba kinasikia. Ujumbe ulisomwa polepole, majina magumu yakatajwa herufi kwa herufi. Mpokeaji aliandika kwa karatasi, akausoma tena kwa sauti, na mtumaji akakubali kwamba ni vile. Ndipo walipofunga. Kisha mtoto wa pale alitumwa na karatasi mkononi hadi nyumbani kwa mwenye ujumbe.

Ndani ya kazi hiyo kulikuwa na mambo matano: kuita, kujitambulisha, kupeleka, kuhakikisha, na kufikisha kwa mwenyewe. Protokoli zote za masanduku ya sauti ya leo zinafanya yale yale matano. Pale ambapo moja linakosekana, njo pale ujumbe unapolala.

Sanduku la sauti linafanya kazi namna gani

Sanduku la sauti la biashara lilizaliwa Marekani. Gordon Matthews aliomba hakimiliki ya uvumbuzi huo mwaka 1979, na kampuni yake, VMX, iliuza mfumo wa kwanza kwa kampuni kubwa ya 3M. Mwaka 1982 ikazaliwa kampuni nyingine, Octel, ambayo ilikuja kuwa kubwa kuliko zote katika kazi hiyo.

Kwa mtu wa kawaida, mambo yanakwenda hivi. Simu yako ikiwa imezimwa, au iko nje ya rezo, au hujibu, mitambo ya kampuni yako inageuza ile simu na kuipeleka kwa seva ya sauti. Seva inacheza maneno ya kukaribisha, inatoa mlio, inarekodi. Baadaye inakutumia alama kwamba kuna ujumbe. Lakini sauti yenyewe inabaki kule kule kwenye seva. Wewe ndiwe unapaswa kupiga na kuifuata.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Mteja wa Vodacom anaweza kumpigia mteja wa Airtel au wa Orange bila shida. Sheria ya mawasiliano ya Congo ya mwaka 2002, na ile mpya ya tarehe 25 Novemba 2020, zinataka makampuni yaunganishe mitambo yao. Kwa hiyo simu inavuka. Lakini kinachovuka ni simu, wakati ule ule watu wanapoongea. Sauti ikishahifadhiwa ndani ya sanduku, haivuki tena. Sanduku ni la kampuni moja, kwa namba moja. Mtu mwenye kadi tatu ndani ya simu mbili, kama wachuuzi wengi wa Walungu, iko na masanduku matatu yasiyojuana.

Na tena kuna bei. Kwa kawaida, sanduku likishajibu, dakika zinaanza kuhesabiwa kama simu ya kawaida. Ndiyo maana watu wengi wanakata mara tu wanaposikia ile sauti ya mashini, na kubipu wakaona ni afadhali.

Jaribio la kwanza: mashini inampigia mashini

Huko Ulaya na Marekani tatizo hili lilionekana mapema ndani ya makampuni makubwa. Ofisi moja ilikuwa na mfumo wa Octel, tawi lake lilikuwa na mfumo wa kampuni nyingine. Mkubwa wa Paris hakuweza kupeleka ujumbe uliorekodiwa kwa sanduku la mtu wa Lyon, isipokuwa mashini zote ziwe za fundi mmoja. Octel ilikuwa na njia yake ya kuunganisha mashini zake yenyewe, lakini mashini za wengine zilibaki nje.

Mwaka 1990 watengenezaji walipatana juu ya desturi ya pamoja iliyoitwa AMIS. Ile iliyotumika sana ilikuwa rahisi ajabu: mashini moja inampigia mashini nyingine kwa simu ya kawaida, kama vile mtu angefanya. Zinajitambulisha kwa milio ya vibonyezo, ile ile unayoisikia ukibonyeza namba. Milio hiyo iko 16 kwa jumla: kumi za tarakimu, mbili za nyota na alama ya reli, na nne zaidi, A, B, C na D, ambazo hazipo kwenye simu ya nyumbani. Mashini ikishataja namba ya sanduku inalotaka, inacheza ujumbe kwa sauti, na ile nyingine inarekodi.

Ni kama fonie bila mtu katikati. Na iko na udhaifu wa fonie. Ujumbe wa dakika tatu unachukua dakika tatu za simu, hata usiku ambapo hakuna anayesikiliza. Kila mara unaporekodiwa upya, sauti inapungua uzuri. Na waya ukikatika katikati, inabidi kuanza tena. Ilikuwepo pia AMIS ya kidijitali, lakini haikuenea kama ile ya milio.

Jaribio la pili: sauti ndani ya barua pepe

Mafundi waliona kwamba barua pepe ilikuwa tayari imevuka mipaka yote. Mtu wa kampuni yoyote alimwandikia mtu wa kampuni yoyote, na barua ilifika. Wakauliza: kwa nini sauti isisafiri ndani ya barua?

Hapo ndipo ilipotoka protokoli iitwayo VPIM. Iliandikwa mara ya kwanza Februari 1996, ikatengenezwa upya Septemba 1998, na toleo lililoimarishwa likatoka Juni 2004. Jina lake linaonekana gumu, lakini kazi yake inaeleweka. Sanduku la kwanza linachukua sauti iliyorekodiwa, linaibana, linaifunga kama kiambatisho cha barua pepe, na kuipeleka kwa sanduku la pili. Anwani ni namba ya sanduku, kisha alama ya @, kisha jina la mashini. Sanduku la pili linafungua, linaweka sauti mahali pake, na mwenyewe anaisikiliza kwa simu yake kama kawaida. Hajui hata kama barua pepe ilihusika.

Faida ziko tatu, na zote zinaihusu Walungu.

Ya kwanza ni uzito. VPIM inabana sauti kwa kilobiti 32 kwa sekunde, nusu ya zile 64 za simu ya kawaida ya kidijitali. Maana yake dakika moja ya sauti inachukua kilobaiti 240 hivi. Ule ujumbe wa mwenye depo hauzidi sekunde 15, yaani kilobaiti 60 tu. Hata rezo dhaifu ya upande wa milimani inaweza kuupitisha, polepole.

Ya pili ni uvumilivu, na hii ndiyo kubwa. Barua pepe haihitaji mashini zote mbili ziwe wazi wakati mmoja. Ikikuta njia imefungwa, mashini inayotuma inaiweka kando na kujaribu tena. Kanuni za barua pepe zinapendekeza ingoje angalau dakika 30 kabla ya kujaribu upya, na isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Kwa mahali ambapo umeme unakwenda na kurudi bila kuaga, huo ni uvumilivu wa maana kabisa.

Ya tatu ni jibu. Ujumbe ukishindwa kufika, mtumaji anarudishiwa taarifa. Anajua kwamba haukufika, anatafuta njia nyingine: anatuma motari, anampigia jirani, anakuja kwa redio. Mwenye depo wa Kadutu alilala na amani kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ujumbe wake haukusikilizwa. Kukosa jibu njo kulimpoteza.

Kwa nini VPIM haikufika sokoni

Pamoja na uzuri wote huo, VPIM ilibaki zaidi kati ya mifumo ya makampuni makubwa na waendeshaji wa simu wa nchi tajiri. Simu za mkononi zilipoenea Congo, Celtel mwishoni mwa mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, kila kampuni ilijenga sanduku lake na kulifunga. Kuunganisha masanduku hakukuleta faida ya haraka kwa yeyote kati yao.

Kisha simu za kisasa zikapita juu ya swali lote. WhatsApp ilianza ujumbe wa sauti mwaka 2013, na mwaka 2022 ilitangaza kwamba watu wanatuma jumbe za sauti bilioni saba kila siku kwa wastani. Kwa mama mchuuzi asiyependa kuandika, au anayeongea Mashi kuliko Kifaransa, kibonyezo cha kurekodi kilikuwa mkombozi. Ujumbe unaonyesha alama ukifika, na rangi ikibadilika anajua umesikilizwa. Mambo yale matano ya fonie yamerudi yote.

Lakini ukiangalia vizuri, ukuta haukubomolewa, ulihamishwa tu. Wote wanaongea kwa sababu wote wako ndani ya nyumba moja ya kampuni moja. Asiye na simu ya kisasa au asiye na inite za intaneti yuko nje. Na biashara iko na shida yake ya pekee: sauti za maagizo, bei na madeni zinakaa ndani ya simu ya mfanyakazi mmoja. Akiacha kazi, au simu ikiibiwa, kumbukumbu ya depo inakwenda naye.

Kile kinachowezekana hapa kwetu

Kuna njia ya katikati, na haihitaji pesa za kampuni ya Marekani. Mwaka 1999 kijana mmoja wa Marekani, Mark Spencer, aliandika programu ya bure iitwayo Asterisk. Inageuza ordinateri ya kawaida kuwa kituo cha simu cha ofisi, pamoja na masanduku ya sauti. Ujumbe ukirekodiwa, programu inaweza kuutuma wenyewe kwa barua pepe kama faili la sauti. Depo iliyo na ofisi Bukavu na nyingine Walungu inaweza kuweka mashini ndogo kila upande, inayokula umeme kidogo wa jua, na sauti zikasafiri kati yao kila mara rezo inapopatikana.

Redio nazo zimetumia akili hiyo hiyo. Nchini Zimbabwe, shirika la Kubatana lilitengeneza Freedom Fone, programu ya bure iliyowezesha watu kupiga simu, kusikiliza habari na kuacha sauti zao. Huko Tanzania na Uganda, shirika la Farm Radio International la Kanada limetumia mfumo uitwao Uliza na redio za wakulima: msikilizaji anabipu bila kulipa, kisha mfumo unampigia. Simu ndogo ya vibonyezo inatosha.

Kwa ushirika, hospitali, shule au depo inayofikiria jambo hili, mafundi wanashauri maswali machache kabla ya kununua chochote.

Kwanza: je, mashini inaweza kutoa sauti nje kama faili la kawaida? Kama haiwezi, basi siku mtakapobadilisha fundi, sauti zenu zitabaki gerezani.

Pili: ujumbe usipofika, nani anajulishwa, na baada ya saa ngapi? Muuzaji asiyejibu swali hili hajafahamu kazi yake.

Tatu: nani yuko na namba ya siri? Masanduku mengi yanatoka kiwandani na namba kama 0000 au 1234, na watu hawazibadilishi. Uingereza, waandishi wa gazeti la News of the World walikuwa wakiingia ndani ya masanduku ya sauti ya watu, na gazeti hilo lilifungwa Julai 2011 kwa sababu ya kashfa hiyo. Bei ya kontwari au jina la mgonjwa ni siri vilevile.

Nne: umeme na intaneti vikikosekana siku mbili, ujumbe unangoja wapi? Ungoje kwa pande zote mbili, usitegemee upande mmoja.

Tano: maneno ya kukaribisha yako kwa lugha gani? Sanduku linaloongea Kifaransa peke yake linafukuza nusu ya wateja wa Ngweshe na Kaziba kabla ya mlio.

Mapatano kabla ya mashini

Na kwa wale wasio na mashini kabisa, fonie bado inafundisha. Mwenye depo na sekretere wa ushirika wanaweza kupatana leo, bila kulipa hata franka moja. Kila jioni saa moja, simu zote mbili ziwe wazi. Ujumbe wowote unaohusu gari au pesa usihesabiwe kuwa umefika mpaka mpokeaji aurudie kwa maneno yake. Na kama hakuna jibu hadi saa mbili, kuna namba ya tatu ya kupigia, ya jirani au ya shofere mwenyewe.

Hiyo nayo ni protokoli. Kama ingekuwepo usiku ule, mwenye depo asingelala kabla ya kusikia sauti ya sekretere au ya shofere, na magunia ya maharagi yangebaki ndani ya depo ya Burhale, makavu, yakingoja barabara ifunguliwe.